Omu, spika na amplifaya ya mzee

Nilikuwa na kesi nyumbani. Siku ya kipaimara cha mdogo wangu, Morogoro, niliazima spika mbili nikaziongeza kwenye amplifaya ya mzee ili muziki uwafikie hata waliokaa nje. Nyaya zake nilizibana kwenye matundu yale yale ya spika za zamani. Mambo yakanoga kwa nusu saa, kisha ikaja harufu ya kuungua, kisha kimya. Fundi alipofungua kifuniko alinitazama tu. "Kijana, omu hazikulingana." Mzee naye akaongeza sharti lake la miaka yote: amplifaya haiwashwi bila spika.

Sasa mimi mwandishi wa habari, nikiambiwa jambo nauliza limetoka wapi. Haya ya kulinganisha omu yalianzia wapi?

Jina ni la Georg Simon Ohm, mwalimu wa Kijerumani aliyechapisha kitabu chake mwaka 1827 kueleza uhusiano wa umeme unaopita na ukinzani wa njia yake. Kwao hakikupokelewa vizuri. Waingereza ndio waliompa Medali ya Copley, mwaka 1841, na mwaka 1881 mkutano wa wataalamu wa umeme mjini Paris ukalifanya jina lake kuwa kipimo. Mwaka 1886 Oliver Heaviside, aliyewahi kuwa mpiga simu za maandishi, akatunga neno impidansi, yaani ukinzani wa umeme unaogeuka-geuka kama ule unaobeba muziki.

Lakini anayenihusu zaidi mimi ni Moritz von Jacobi, aliyefanya kazi Urusi. Miaka ya 1840 ikianza alionyesha kwamba chanzo chenye ukinzani wake wa ndani hutoa nguvu nyingi zaidi pale kinapofungwa kwenye mzigo wenye ukinzani sawa na huo. Ni kweli kabisa. Kosa lilikuwa la waliomsoma. Vikilingana, nusu ya nguvu inapotelea ndani ya chanzo chenyewe, kwa hiyo wengi wakaamini kwamba jenereta haiwezi kamwe kuvuka nusu. Thomas Edison na wenzake waliachana na imani hiyo: walitengeneza jenereta yenye ukinzani mdogo sana wa ndani, na sehemu kubwa ya nguvu ikaenda kwenye taa.

Tukija kwenye muziki, mwaka 1925 Rice na Kellogg wa General Electric walieleza spika ya koili inayocheza kwenye sumaku, ambayo kimsingi ndiyo hii tuliyo nayo hadi leo. Koili hiyo ina omu chache tu. Amplifaya za wakati ule zilikuwa za valvu, na valvu inataka kuona maelfu ya omu. Katikati ikawekwa transfoma. Kama valvu inataka omu 8,000 na spika ni omu 8, tofauti ni mara 1,000, na mizunguko ya waya inapishana kwa kipeuo chake cha pili, karibu mara 32. Ndiyo maana nyuma ya mashine hizo kulikuwa na matundu yaliyoandikwa 4, 8 na 16: ulichagua la spika yako. Na ukiiwasha bila spika huku sauti iko juu, volti hupanda ndani ya transfoma na kuiunguza. Kumbe mzee hakuwa anabuni!

Ila amplifaya ya mzee si ya valvu. Transista ilizaliwa Bell Labs Desemba 1947, na kufikia miaka ya 1960 amplifaya nyingi za nyumbani zilianza kuachana na transfoma ya kutolea sauti. Ukinzani wake wa ndani mara nyingi haufiki hata omu moja, huku spika ni 8. Hapo hakuna kulingana, na hakutakiwi. Ni ujanja ule ule wa Edison. Ikikaa bila spika haidhuriki. Inachoogopa ni mzigo wenye omu ndogo mno, kwa sababu volti inabaki ile ile na mkondo unaongezeka. Chukua volti 20: spika ya omu 8 inavuta ampea 2.5, ya omu 4 ampea 5, na kwenye omu 2 ni ampea 10.

Na hizo namba za nyuma ya spika zisituchezee akili, maana omu za spika hupanda na kushuka kadiri muziki unavyobadilika. Kanuni ya kimataifa inaruhusu spika ya omu 8 kushuka hadi 6.4. Kuna kampuni ya Marekani, Apogee, miaka ya 1980 ilitoa spika ya omu 1, Scintilla. Sauti yake ilisifiwa sana, ila kupata amplifaya ya kuimudu ilikuwa shughuli.

Sasa kesi yangu. Spika za mzee ni omu 4, nilizoazima nazo omu 4. Zikilingana na kufungwa pamoja vile, inabaki nusu: omu 2. Mgongoni mwa amplifaya imeandikwa wazi, 4 hadi 16.

Fundi ameshabadilisha transista za upande wa kushoto, nimelipa mimi. Nilimweleza mzee kwamba hii yake inaweza kuwashwa bila spika. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia nisiiguse.