Rafu Zilizojaa kwa Mali ya Mkopo: Tarehe ya Supamaketi za Kenya

Wakenya wanapozikumbuka supamaketi zilizokufa, hukumbuka upande mmoja tu wa kaunta. Anakumbukwa ndovu wa nembo ya Nakumatt, zinakumbukwa pointi zilizojikusanya kwenye Smart Card, yanakumbukwa matawi yaliyokesha wazi wakati mji mzima umefunga. Uchumi inakumbukwa kama duka ambamo wengi walijifunza kusukuma toroli kati ya rafu na kuchagua kwa mkono wao, bila kumwomba muuzaji awateremshie kitu. Tuskys inakumbukwa kwa bei zake. Raha hizo zilikuwepo kweli, na anayezitamani hana kosa. Hoja yangu ni kwamba raha hizo zilikuwa na mlipaji, naye hakuwa mwenye duka wala mnunuzi. Alikuwa ni yule aliyeleta maziwa, mikate, sabuni na unga kwa mkopo. Tarehe isiyomtaja huyo haiwezi kueleza kwa nini maduka haya yalipendeza kiasi kile, wala kwa nini yalikufa karibu kwa namna moja.

Tuanze na Uchumi, kwa sababu yeye ndiye mkubwa kwa umri na kisa chake ndicho kinachouma zaidi. Aliundwa katikati ya miaka ya 1970 kwa mtaji wa mashirika ya serikali, likiwemo ICDC, na usimamizi wa mwanzo ukakabidhiwa kampuni ya Standa kutoka Italia. Lengo halikuwa faida peke yake. Bidhaa muhimu ziwafikie wananchi kwa bei ya haki, na viwanda vya nyumbani vipate pahali pa kuuzia. Mwaka 1992 hisa zake ziliuzwa kwa umma katika Soko la Hisa la Nairobi, wananchi wakawa wenye duka pamoja na serikali. Mwaka 2006 Uchumi ikafunga milango na kuwekwa chini ya mrasimu. Ilifufuka kwa mkopo wa serikali na kwa hiari ya wadai, ikarudi sokoni mwaka 2011, kisha ikaanguka tena: Oktoba 2015 ilifunga matawi yake ya Uganda na Tanzania, na kufikia 2020 wadai walikuwa wakiombwa wakubali kulipwa sehemu tu ya walichodai. Duka lililoundwa ili mzalishaji wa Kenya apate pa kuuzia likawa limemdhulumu mzalishaji huyo mara mbili.

Wakati Uchumi inakua Nairobi, nasaba nyingine ilikuwa ikichipuka Nakuru na viunga vyake, na hapa pana jambo ambalo wapenda biashara wangepaswa kulitafakari zaidi. Nakumatt ya ukoo wa Shah ilianzia Nakuru kama duka la magodoro. Tuskys, iliyosajiliwa kwa jina la Tusker Mattresses, ilitokana na duka la Joram Kamau huko Rongai. Naivas nayo ilianzishwa na nduguye Joram, Peter Mukuha Kago, huko huko Rongai. Hata Quickmart, iliyozaliwa mwaka 2006, ni ya Nakuru. Mji mmoja wa Bonde la Ufa, wenye wakulima wa maziwa na mboga pande zote na barabara kuu ikipita katikati, uliwapa Wakenya karibu maduka yote makubwa waliyokuja kuyapenda. Wazee hao walianza kwa kumjua kila anayewaletea mzigo. Joram alifariki mwaka 2002, na miaka iliyofuata watoto wake waliburutana mahakamani juu ya uendeshaji wa kampuni. Nakumatt ilishika njia ya upanuzi: Kigali mwaka 2008, Kampala, Moshi, Dar es Salaam, hadi ikawa na matawi zaidi ya 60 katika nchi nne. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni: hakuna kampuni nyingine ya rejareja ya Afrika Mashariki iliyokuwa imefika huko.

Sasa tuzunguke nyuma ya jengo, kwenye mlango wa kupokelea mizigo, ambao mnunuzi haufikii. Lori la mtindi linafika alfajiri. Karani anahesabu kreti moja moja, anazikagua tarehe za kuharibika, anagonga muhuri kwenye hati ya kupokelea, na nakala moja anabaki nayo dereva. Karatasi hiyo ndiyo malipo pekee ya siku ile. Mtindi unapangwa kwenye friji, na kabla ya jioni mnunuzi amekwisha kuulipia taslimu pale kwa keshia. Mwenye kiwanda atalipwa baada ya siku 60 au 90 kwa mujibu wa makubaliano, na mambo yakienda kombo, baada ya miezi mingi zaidi, au asilipwe kabisa. Katikati ya siku hizo fedha iko mikononi mwa duka. Ikitumika kununua mtindi mwingine, hakuna anayeumia. Ikitumika kulipia kodi ya tawi jipya, taa zake na friji zake, tawi hilo limejengwa na mwenye mtindi bila yeye kuulizwa. Nakumatt iliongeza juu ya hapo hati za mkopo wa muda mfupi, zinazodaiwa baada ya miezi, ilhali tawi jipya huchukua miaka kurudisha gharama yake. Ndiyo maana dalili ya kwanza ya kifo ilionekana kwenye rafu kabla ya kuonekana kwenye vitabu vya hesabu: wasambazaji walipochoka kungoja na kugeuza malori yao, wafanyakazi wakaanza kuvuta bidhaa hadi ukingoni ili pengo la nyuma lisionekane, na chupa za maji zikapangwa safu nzima pale palipokuwa na bidhaa za kila aina.

Wapo watakaosema Nakumatt iliuawa na misiba. Misiba ilikuwepo, na mizito: moto wa Januari 2009 katika tawi la Nairobi ulioua watu zaidi ya 20, na shambulio la kigaidi la Septemba 2013 kwenye jengo la maduka la Westgate, ambako Nakumatt ilikuwa na duka kubwa. Wafu hao wanastahili kutajwa kila tarehe hii inaposimuliwa. Lakini tazama mfuatano wa miaka. Baada ya Westgate, mwaka 2014, kampuni ilichukua maduka ya Shoprite nchini Tanzania. Kampuni iliyovunjwa mgongo na msiba haianzi mara moja kununua maduka katika nchi ya jirani, isipokuwa kama fedha inayotumia si yake. Wengine humlaumu mgeni, Carrefour, aliyefungua duka lake la kwanza Kenya mwaka 2016 na baadaye kuingia kwenye majengo ambamo Nakumatt ilikuwa, kama Thika Road Mall. Mgeni alikuta nyumba imekwisha kuwa tupu. Tena Naivas na Quickmart walikuwa kwenye soko lile lile, wakishindana na Carrefour yule yule, na wakakua. Naivas leo ina matawi zaidi ya 100. Wageni wengine, Choppies wa Botswana na Shoprite wa Afrika Kusini, waliingia na kutoka ndani ya miaka michache.

Pingamizi lililo zito zaidi ni hili: biashara zote huendeshwa kwa mkopo, na kioski cha mtaani hakikosi daftari la madeni. Ni kweli, na silipingi. Ila mwenye kioski na anayemletea mikate huonana kila asubuhi. Asipolipwa leo, kesho mkate hauteremshwi, na deni haliwezi kukua kupita uwezo wa yeyote kati yao. Supamaketi yenye matawi 60 ni jambo jingine. Mzalishaji mdogo aliyezoea kuiuzia hana mahali pengine pa kupeleka mzigo wa ukubwa ule, kwa hiyo huendelea kupeleka ili asipoteze hata lile deni la zamani. Bunge la Kenya liliuona udhaifu huo, na mabadiliko ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2019 yakahesabu ucheleweshaji wa malipo bila sababu kuwa ni mnunuzi kutumia nguvu zake vibaya. Sheria ilifika wakati Tuskys imekwisha kudhoofika. Mamlaka ya Ushindani iliingilia kati mwaka 2020, lakini matawi ya Tuskys yaliendelea kufungwa moja baada ya jingine.

Na kwa nini tuzitie shubiri kumbukumbu tamu za watu kwa hesabu za madeni? Kwa sababu kumbukumbu hizo zina gharama kwa asiyehusika. Uchumi ilipoyumba kwa mara ya pili, mapenzi ya watu kwa duka lao la zamani yalikuwa miongoni mwa hoja za kuiokoa, na serikali ikatoa fedha za umma zaidi ya shilingi bilioni 1 ambazo hazikuinusuru. Mnunuzi, kwa upande wake, alihamia duka la jirani wiki hiyo hiyo akiwa amepoteza pointi za kadi. Mwenye mtindi alipoteza mtaji. Nakumatt ilipowekwa chini ya msimamizi mwaka 2018, madeni yake yalizidi shilingi bilioni 30, na wasambazaji wasio na dhamana walikuwa nyuma ya benki kwenye foleni ya malipo. Matawi sita yaliyosalia yaliuzwa kwa Naivas. Januari 2020 wadai walikutana Nairobi wakapiga kura, na walio wengi wakachagua kampuni ivunjwe, huku wasambazaji wakijua kwamba sehemu kubwa ya walichokidai haitarudi.