Wageni wa Mazimbu na Wake Waliobaki Morogoro



Binti zetu wengi wanavuka bahari kwenda kusoma Morogoro: Sokoine, Mzumbe, Chuo Kikuu cha Waislamu. Wiki nzima ni masomo. Ikifika Jumamosi wanatoka na mashoga zao kwenda mjini, wanazunguka sokoni, wanapiga picha na milima ya Uluguru nyuma yao. Leo tunawahadithia wanafunzi wengine waliotembea mji huo huo miaka zaidi ya arobaini iliyopita. Nao walikuwa mbali na kwao, ila hawakuwa na likizo ya kurudi nyumbani.

Walikuwa Waafrika Kusini. Juni 16, 1976, watoto wa skuli wa Soweto waliandamana kukataa kusomeshwa kwa Kiafrikana, wakapigwa risasi. Vijana wengi wakaikimbia nchi. Serikali ya Tanzania ikawapa ANC, chama kilichokuwa kikipigania uhuru wao, shamba la zamani la mkonge pale Mazimbu, kilomita chache kutoka Morogoro mjini. Skuli ikaanza 1978. Aprili 6, 1979, Makaburu walimnyonga Solomon Mahlangu, kijana wa miaka 22, na skuli ikapewa jina lake. Mazimbu ikakua ikawa kama mji mdogo: madarasa, mabweni, hospitali, mashamba, karakana ya samani, na hata ya kushona nguo. Sisi watu wa cherehani hilo la mwisho limetufurahisha sana.

Lakini kijana hawezi kukaa kambini siku zote. Mwisho wa wiki walishuka mjini na wenzao. Kumbukeni miaka ya mwanzo ya 1980 ilivyokuwa: sabuni foleni, sukari foleni, kitambaa cha nguo ndiyo usiseme. Mazimbu ilipokea nguo za msaada kutoka nje, na baadhi zilifika mikononi mwa watu wa mjini. Basi wakaja vijana wageni, wamevaa vizuri, wamesoma, wana habari za dunia. Mji uliwapokea. Urafiki ukazaliwa, na kwenye urafiki zikazaliwa posa.

Mwanachama wa ANC aliyetaka kuoa alitakiwa kuomba ruhusa ya chama kwanza. Wengine waliomba, wakaoa vizuri. Wengine waliishi na wanawake bila ndoa yoyote, na watoto wakazaliwa.

Februari 1990 ANC ikafunguliwa nchini kwao na Mandela akatoka gerezani. Safari za kurudi zikaanza. Julai 1992 Mazimbu ikakabidhiwa kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine, yenye jina lile lile la Solomon Mahlangu. Wapo wake walioondoka na waume zao wakaanza maisha mapya Afrika Kusini. Na wapo waliobaki Morogoro na watoto, wakingoja barua.

Hapa ndipo penye uchungu wa habari hii. Wakimbizi wengi walitumia majina ya kificho, ili makachero wa Makaburu wasiwajue wala wasiwasumbue wazazi wao waliobaki kule. Hatuwalaumu kwa hilo, maana lilikuwa suala la uhai. Lakini mwanamke aliyemjua mumewe kwa jina la kificho tu, angemtafutia wapi? Angemwandikia nani? Mtoto angesema yeye ni wa nani?

Kwa Waluguru, wenyeji wa milima ile, ukoo hufuata upande wa mama, na ardhi ya ukoo pia. Kwa hiyo mtoto aliyeachwa kwa mama Mluguru alikuwa na ukoo wake na wajomba zake. Hilo ni sitara kubwa. Lakini katika dini yetu mtoto huitwa kwa baba yake na hurithi kwa baba yake, na haki hiyo haisimami juu ya jina la kubuni.

Sisi watu wa visiwani tusijione tuko mbali na habari hii. Mababu zetu waliwapokea wageni waliokuja na kaskazi na kuondoka na kusi. Wapo waliooa wakakaa, na vizazi vyao ndio sisi. Wapo waliopandisha tanga wakaacha mke anaangalia bahari.

Kwa hiyo bi harusi wetu, na wewe binti uliye chuoni, ukipendwa na mgeni usiogope ugeni wake. Uliza jina lake la kweli na jina la baba yake. Uliza kwao ni wapi, na kama ana mke. Walii wako azungumze na watu wake, hata kwa simu. Awepo walii, wawepo mashahidi wawili, mahari yatajwe. Kisha cheti kiandikwe. Sheria ya Ndoa ya 1971, inayotumika Bara, inaitambua ndoa ya Kiislamu na inataka isajiliwe. Huku kwetu muulizeni kadhi.

Tunajua wengine wataona haya kuuliza, wataogopa kuonekana hawana imani na mchumba. Dada, hata gauni hatulikati bila vipimo, na gauni linavaliwa siku moja. Mwanamume mwenye nia njema hachukii kuulizwa jina la baba yake.

Mwenyezi Mungu awape sitara wake waliobaki na watoto wao, na awajaalie binti zetu waume wa kheri. Aamin.