Vuli, au kupukutika?

Ukiuliza Kiswahili cha majira yanayofuata kiangazi cha Kanada, wengi watakujibu: vuli. Miezi inakaribiana, kweli. Lakini vuli ni mvua. Mkulima wa Morogoro akiisikia anatafuta jembe na mbegu, ilhali Ontario wakati huo jembe linarudishwa stoo na inatolewa reki. Uani kuna rundo la majani ya miti ya mepo, mekundu na ya manjano, na watoto wanalirukia kabla baba hajamaliza kulijaza kwenye mifuko mirefu ya karatasi.

Mimi nachagua kitenzi: kupukutika. Jani moja huanguka. Yanayopukutika ni mengi, mfululizo, mpaka tawi libaki tupu. Hata watu twasema wanapukutika, maradhi yakiua wengi. Neno zito kidogo kwa majira yenye shamrashamra hivyo, lakini picha yake ni sahihi.

Maana shamrashamra zipo. Jumatatu ya pili ya Oktoba ni Sikukuu ya Shukrani, na bata mzinga yuko mezani. Wikiendi familia huenda mashambani kujichumia matufaha na kuchagua boga. Boga hilo mara nyingi halipikwi: huchongwa macho na meno, likawashiwa mshumaa ndani usiku wa Oktoba 31, watoto wakipita nyumba kwa nyumba kuomba peremende, vazi la jini limebana juu ya koti zito. Bibi wa Tanga, akiona boga halipikwi, angeuliza kama nazi imeadimika.