Alama ya Kidole ya Faili

Polisi wanapokamata kompyuta ya mtuhumiwa hukuta ndani yake maelfu kwa maelfu ya mafaili. Mengi hayana habari yoyote: ni vipande vya programu za kawaida, zilezile zilizomo katika kompyuta za benki, za shule na za majumbani. Ushahidi, kama upo, umejificha katikati yao. Je, mpelelezi afungue faili moja moja?

Jibu lilitokana na hesabu. Mwaka 1991 Profesa Ronald Rivest wa chuo cha MIT, Marekani, alibuni kanuni iitwayo MD5. Ukiipa faili lolote, dogo au kubwa, inakurudishia alama ya herufi na tarakimu 32. Badilisha nukta moja tu ndani ya faili, na alama yote inakuwa nyingine. Wataalamu huiita hashi. Mimi naiita alama ya kidole ya faili.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ikaanza kutoa orodha ya alama za mafaili ya programu zinazojulikana. Mpelelezi hulinganisha. Yaliyomo kwenye orodha huyaweka kando, akabaki na yale yanayostahili macho yake.

Lakini tuelewane. Orodha hiyo haisemi kwamba faili ni jema. Ndani yake zimo hata zana za kuvunjia kompyuta. Inasema tu kwamba faili hili linajulikana. Alama ya kidole hutaja mtu, haitaji tabia yake.

Tena alama yenyewe yaweza kughushiwa. Mwaka 2004 Profesa Xiaoyun Wang wa China na wenzake walionyesha maandishi mawili tofauti yenye alama moja ya MD5. Mwaka 2012 ikagunduliwa Flame, programu ya kijasusi iliyotumia udhaifu huo kujifanya imetoka Microsoft. Mwaka 2017 watafiti wa Amsterdam na wa Google wakaivunja SHA-1, kanuni iliyofuata. Leo inayotegemewa ni SHA-256, yenye herufi na tarakimu 64.

Kwa nini nayasema haya? Kwa sababu uhuru wa mtu unaweza kuning'inia kwenye mstari mmoja wa tarakimu. Hakimu akiletewa alama hiyo mahakamani, na aulize: imetolewa kwa kanuni ipi, lini, na kwa mkono wa nani? Muhuri uliokwisha kujulikana kwamba unaghushika hautoshi tena kumfunga mtu.