Victor Ivan na kesi zisizokwisha

Kuna watu nimewajua kwa mashauri yao kabla ya kuwajua kwa kazi zao. Victor Ivan, Msinhala wa Sri Lanka, ni mmoja wao. Nilikuwa nasoma kesi za waandishi walioshtakiwa kwa kashfa, nikakuta uamuzi wa mwaka 2004 wa Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa. Nikarudi nyuma kutafuta mtu huyu katokea wapi. Aisee.

Alizaliwa 1949. Aprili 5, 1971, nchi ikiwa bado inaitwa Ceylon, vijana wa JVP walivamia vituo vya polisi kwa bunduki za kuwindia na mabomu ya kujitengenezea. Wengi walikuwa watoto wa vijijini, wamesoma kwa Kisinhala, vyeti wanavyo, kazi hawana. Na serikali waliyotaka kuiangusha nayo ilijiita ya kijamaa! Ni ile ya Sirimavo Bandaranaike, mwanamke wa kwanza duniani kuwa waziri mkuu. Maasi yalizimwa na maelfu ya vijana wakauawa. Ivan, ambaye wenzake walimwita Podi Athula, akawa mshtakiwa wa saba kwenye kesi kuu.

Alipotoka kifungoni hakurudi kwenye bunduki. Kwa miaka mingi alikuwa mhariri wa Ravaya, gazeti la Kisinhala lililoanza katika miaka ya 1980. JVP ikainuka tena mwishoni mwa muongo huo, na mauaji yakawa ya pande zote mbili. Februari 1990 mwandishi Richard de Zoysa alichukuliwa nyumbani kwake Colombo, akauawa. Kuwa mhariri mkosoaji katika mji huo haikuwa kazi ya kutafutia sifa.

Ivan hawakumuua. Walimshtaki. Katika miaka ya 1990 alifunguliwa kesi za kashfa ya jinai, moja baada ya nyingine, kwa habari zilizowagusa mawaziri na maofisa wakubwa. Kesi hazikwishi. Bunge lilifuta kosa hilo 2002, na miaka miwili baadaye Kamati ikasema kumweka mtu miaka yote hiyo bila kujua hatima yake, akiandika huku ana hofu, ni kuvunja haki yake ya kujieleza. Hakuhitaji kufungwa kwanza ndipo aonekane ameumizwa.

Hapo nilisimama kusoma. Niliwahi kuwa na habari iliyokaa kwenye droo ya mhariri miezi minane kwa sababu kesi ilikuwa "imeahirishwa". Hakuna aliyetukataza kuichapa. Tulijikataza wenyewe.

Chama alichokiacha hakikumpenda, naye hakuacha kukikosoa. Septemba 2024 kiongozi wa JVP, Anura Kumara Dissanayake, alichaguliwa kuwa rais, kwa kura safari hii. Ivan alifariki Januari 2025, baada ya kuiona serikali hiyo kwa miezi minne tu.