Mlango wa Nyumba na Mlango wa Ukoo: Usuluhishi wa Jamaa katika Nchi ya Buha

Katika Kirundi, lugha iliyo ndugu wa Kiha, neno umuryango lina maana mbili: ni mlango wa nyumba, na ni ukoo pia. Kiswahili nacho hakikukosa maana hiyo, kwani mlango ni pa kuingilia, na mlango ni tawi la kabila. Lugha hizi zinakumbusha kwamba mtu hafahamiki pasipo kujulikana alikotoka. Mke aliyerudi kwao, kijana asiyesema na babaye, mzee aliyeshikwa na huzuni isiyo na jina, kila mmoja ana mlango nyuma yake, na atakaye kumponya hana budi kuupitia.

Matabibu wa Marekani walilifikia wazo hilo kwa njia ndefu. Katika miaka ya 1950 watu kama Nathan Ackerman, Murray Bowen na Don Jackson walianza kushuku desturi ya kumtibu mgonjwa wa akili peke yake. Waliona kwamba pengine mgonjwa alipopata nafuu, mwingine wa nyumba ile ile aliugua badala yake, kana kwamba maradhi yalikuwa mali ya wote. Basi wakawaita baba, mama na watoto wakae pamoja mbele ya tabibu. Mwaka 1962 jarida la Family Process lilianza kuchapishwa, na tiba ya familia ikapata jina na makao katika elimu.

Isidhaniwe kwamba Waha wa Kasulu na Kibondo walikuwa na tiba hiyo hiyo kwa jina jingine. Walichokuwa nacho ni usuluhishi, na usuluhishi una shabaha yake. J. H. Scherer, aliyeandika juu ya ndoa na mahari katika nyanda za juu za Buha, kitabu chake kikatoka mwaka 1965, alionyesha kuwa ndoa ya huko haiwezi kuelezwa bila ya mahari, na mahari ni jambo la koo mbili. Kwa hiyo ugomvi wa wawili ulikuwa ugomvi wa wengi, na wazee walioketi kuuamua walikuwa na haja ya kulinda mapatano kuliko kutazama moyo wa mmoja. Hapo palikuwa na hekima, na palikuwa na hatari vile vile. Suluhu iliyotuliza koo mbili iliweza kumrudisha mwanamke chini ya mkono uliompiga.

Dola huru ilirithi hekima hiyo na hatari yake. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ikaweka katika kila kata baraza la usuluhishi, lenye mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Aghalabu mtu hawezi kuomba talaka mahakamani kabla baraza halijathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Wahusika huitwa, kila mmoja husikizwa, na wengine wenye habari waweza kuulizwa. Huu ndio mlango ulio karibu zaidi na tiba ya familia ambao mwananchi wa kawaida wa Kasulu au Kibondo amefunguliwa na sheria.

Walakini baraza lataka watu wawe mbele yake, na historia ya Buha ni historia ya watu wasiokuwapo. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Kwa njia hiyo vijana wa Kiha walikwenda kwa maelfu kutafuta fedha ya kodi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, wakaitwa manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi ya kuandikisha vibarua, na nchi ya Buha ikawa ghala la nguvu za wengine. Wako waliorudi na wako waliopotea. Sheria ya 1971 yenyewe ilijua jambo hili: mtu aliyeachwa na mwenziwe asiyejulikana aliko hahitaji kupita barazani. Huo ni msamaha wa haki, lakini pia ni kukiri kwamba kuna majeraha ya nyumba ambayo usuluhishi hauwezi kuyagusa.

Baadaye kuondoka kulikuja kwa sura nyingine. Katika Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 nyumba zilizotawanyika vilimani zilikusanywa vijijini. Vita vya Burundi na Kongo vikaleta wakimbizi. Nyarugusu ilifunguliwa Kasulu mwaka 1996, na machafuko ya Burundi ya 2015 yaliijaza tena Nduta ya Kibondo. Mtaalamu Simon Turner, aliyeichunguza kambi ya Lukole huko Ngara mwishoni mwa miaka ya 1990, alieleza jinsi wanaume walivyolalamika kwamba shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa limetwaa nafasi ya mume, kwa kuwa ndilo lililolisha watoto. Mshauri anayewaketisha mume na mke wa namna hiyo, akauliza tu nani alianza kumdharau mwenziwe, amekwisha kupotea njia. Aliye sababu ya ugomvi hayumo chumbani.

Kuifahamu tiba ya familia katika nyanda hizi, basi, ni kufahamu mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni kwamba mgonjwa hana budi kutazamwa pamoja na jamaa zake. Hilo wazee walilijua, na Ackerman na wenziwe walilithibitisha kwa njia yao. La pili ni kwamba jamaa nayo haina budi kutazamwa pamoja na kodi, reli, amri za serikali na vita vilivyopita mlangoni pake. Asiyelijua la kwanza atamlaumu mtu mmoja kwa maradhi ya nyumba nzima. Asiyelijua la pili ataibebesha nyumba lawama ya dunia, na mara nyingi, ndani ya nyumba hiyo, mzigo utaangukia bega lililo dhaifu kuliko yote.