Umbo la plazima na mzigo wa joto katika mitambo ya tokamaki

Tokamaki ni mtambo wenye chumba cha mviringo mfano wa tairi, ambamo gesi ya hidrojeni hupashwa joto hadi viini vya atomi zake viungane na kutoa nishati. Ulibuniwa katika Umoja wa Kisovieti miaka ya 1950. Katika mtambo wa kimataifa wa ITER, unaojengwa Cadarache, kusini mwa Ufaransa, joto hilo linatarajiwa kufikia nyuzi milioni 150 za Selsiasi. Gesi ya namna hiyo huitwa plazima. Hakuna chombo kiwezacho kuistahimili, hivyo huzuiliwa kwa nguvu za sumaku.

Hata hivyo, kizuizi hicho si kamili. Sehemu ya joto huvuja ukingoni na kufuata njia nyembamba hadi chini ya chumba, ambako hupokewa na vigae vya madini ya tungsteni. Vigae vya ITER vimesanifiwa kuhimili megawati 10 kwa kila mita ya mraba, na 20 kwa muda mfupi. Mzigo ukizidi hapo, vigae huharibika na kazi husimama.

Ndipo umbo la plazima linapokuwa na uzito. Mitambo mingi huipa umbo la herufi D, mgongo wake ukielekea katikati ya mtambo. Umbo hilo huhifadhi joto vyema, hasa katika hali iliyogunduliwa mwaka 1982 kwenye mtambo wa ASDEX, Garching, Ujerumani. Lakini hali hiyo huandamana na milipuko ya ghafla ukingoni, inayomwaga joto jingi juu ya vigae kwa mara moja.

Watafiti wa mtambo wa TCV mjini Lausanne, Uswisi, na wa DIII-D mjini San Diego, Marekani, wameigeuza D hiyo, mgongo ukatazama nje. Milipuko hiyo ikatoweka, na joto likaendelea kuhifadhika vyema. Huko Culham, Uingereza, mtambo wa MAST Upgrade umerefusha njia ya kutokea joto; mwaka 2021 ilitangazwa kuwa mzigo ulipungua takriban mara kumi.

Kila umbo lina gharama yake. D iliyogeuzwa ni ngumu zaidi kuituliza isipande wala kushuka, na njia ndefu hudai nafasi ndani ya sumaku zenye bei kubwa. Lakini kituo cha umeme hakiwezi kuwaka kwa sekunde chache tu. Hakitafaa kitu vigae vyake visipodumu.